Kabla hujatoa hela yako kununua tableti ya bei nafuu, angalia haya

Swali ninaloulizwa sana na ndugu na marafiki ni hili, "nina hela kidogo nataka tableti, nichukue ipi?" na mi huwa sitaji jina la tableti yoyote, nauliza kwanza unaenda kuifanyia nini. Tableti ya mtoto kuangalia katuni na tableti ya mwanafunzi anayesoma PDF nzito huku anaandika notsi ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama bei ni ile ile. Kwenye bei ya chini lazima kuna kitu kimepunguzwa, hilo halikwepeki, kazi yako ni kujua kimepunguzwa wapi na kama kwako kitauma.

Mi naanza na vitu ambavyo ukishanunua haviongezeki. RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayobeba programu ulizofungua, kwenye tableti imechomelewa kwenye bodi, hakuna fundi atakuongezea baadae kama inavyofanyika kwenye kompyuta ya mezani, ndo maana kwa mtu anayetaka kuitumia miaka kadhaa simshauri ashuke chini ya 4GB. Yenye 2GB utafungua darasa la mtandaoni, ukienda kuangalia meseji ukirudi darasa limejifunga linaanza upya, inachosha sana. Na hapa ndo ujanja ulipo, unakuta box limeandikwa RAM 8GB au 12GB kwa maandishi makubwa, ukisogeza macho pembeni kwa herufi ndogo kuna 4+4 au 4+8. Ile namba ya pili sio RAM, ni nafasi ya kuhifadhia mafaili imeazimwa ifanye kazi ya RAM, spidi yake iko chini sana na bado inakula nafasi yako ya kuhifadhi. We hesabu ile namba ya kwanza tu, nyingine sahau.

Kwenye nafasi ya kuhifadhi, 32GB ni kidogo mno kwa sasa maana ukiwasha tu mfumo wenyewe na programu zilizokuja nazo zimeshakula sehemu kubwa, halafu ukianza kuapdeti programu ndo inazidi kujaa. 64GB inatosha watu wengi, 128GB ukiipata kwa tofauti ndogo ya bei chukua. Memori kadi inasaidia kwa video, picha na vitabu, ila usiitegemee kwa programu, nyingi zinang'ang'ania kukaa kwenye nafasi ya ndani na hata zile zinazokubali kuhama zinakuwa nzito.

Prosesa, yaani ubongo wa tableti, wengi wanaangalia idadi ya koa (vitengo vya kazi ndani yake), nane, kumi, wakati idadi peke yake haikwambii kitu. Tafuta jina la chipu, mfano Helio G99 au Snapdragon 695 au Unisoc T606, liandike kwenye intaneti uone ilitoka mwaka gani na watu wanaitumia kwenye vifaa gani. Muuzaji akiandika "koa nane yenye nguvu" bila kutaja chipu, mi naachana nayo hapo hapo, sihitaji kusoma zaidi.

Skrini nayo watu wanahesabu inchi tu, lakini kwa anayesoma sana kinachomuokoa macho ni pikseli, vile vinukta vinavyounda picha. Inchi 10.1 yenye 1280 kwa 800 ni pikseli kama 149 kwa kila inchi, maandishi madogo ya PDF yanaonekana yana ukungu na unabaki kukuza na kusogeza kila mstari. Ukubwa huo huo ukiwa na 1920 kwa 1200 unafika kama 224, tofauti unaiona bila kuambiwa. Ile 1280 kwa 800 kwenye inchi 8 haisumbui sana, na kwa katuni za mtoto inatosha kabisa. Halafu kama lengo lako ni filamu za kulipia, uliza kuhusu Widevine, ule mfumo wa kulinda filamu zisinakiliwe, unataka ngazi ya L1. Ikiwa L3, Netflix na wenzake hawatakupa HD hata kioo kiwe kizuri namna gani, na hili kwenye box huwa haliandikwi.

Kingine ambacho watu wanaruka ni apdeti. Angalia tableti imekuja na Android namba ngapi na kampuni imeahidi kuiapdeti kwa miaka mingapi, kwa sababu programu nyingi hasa za benki zinaacha kukubali Android za zamani, kioo kizima, betri nzima, ila programu unayoihitaji haifunguki. Tableti za Amazon Fire bei yake inavutia na kwa video ziko vizuri, ila zinatumia Fire OS na haziji na Google Play, kwa hiyo orodhesha programu zako za lazima uhakikishe zipo huko kabla hujalipa.

Uchukue ya kuweka laini ya simu au ya Wi-Fi tu? Kama simu yako inaweza kurusha hotspoti chukua ya Wi-Fi, ile hela utakayookoa weka kwenye RAM au nafasi. Ila kama unataka ramani ukiwa barabarani fahamu kwamba iPad za Wi-Fi tu hazina GPS.

Sasa kwenye kutafuta taarifa, shika namba kamili ya modeli, jina la biashara linachanganya sana. Galaxy Tab A9 na Tab A9+ zote ni za 2023, majina yamepishana alama moja, lakini moja ni inchi 8.7 yenye 1340 kwa 800 na nyingine ni inchi 11 yenye 1920 kwa 1200. Lenovo Tab M10 ndo kabisa, jina hilo limepita vizazi kadhaa na skrini zake hazifanani, unaweza kusoma sifa za moja ukaletewa nyingine. Kwenye maoni ya wanunuzi mi naruka ya nyota tano ya siku ya kwanza, natafuta aliyeitumia miezi sita na zaidi, huyo ndo anajua kama betri inakaa na kama sehemu ya chaji imelegea.

Ukiamua kuchukua iliyotumika, na wakati mwingine iPad iliyotumika ni bora kuliko tableti mpya isiyojulikana, mwambie muuzaji aifute yote mbele yako kisha muiwashe upya. Ikidai akaunti ya mtu wa zamani na yeye hana nywila usiichukue, iwe Apple iwe Android, kufuli hilo halina njia halali ya kulipita bila mwenyewe. Halafu shikilia ikoni moja uiburute kioo kizima polepole, kona kwa kona, ikidondoka sehemu ile ile kila ukipita ujue hapo mguso umekufa. Ichomeke chaja, itikise kidogo, uone kama chaji inakatika.

Na hata ikiwa mpya, siku hiyo hiyo fungua mipangilio ulinganishe RAM, nafasi na toleo la Android na kile ulichoahidiwa, weka programu ya DRM Info uone Widevine ni ngapi, cheza video ndefu uone kama inapata moto kupita kiasi. Tableti zisizo na jina kuna zinazodanganya hadi ndani ya mipangilio, kwa hiyo nakili video nyingi mpaka nafasi ikaribie kujaa kisha uzifungue, zisipocheza irudishe. Risiti na box vitunze mpaka muda wa kurudisha uishe.