Padre, nitakuwaje mtakatifu nikiwa sokoni?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza ndizi soko la Mbuyuni hapa Moshi. Natoka alfajiri, na nikirudi mama mkwe wangu aliyepooza ananisubiri nimwogeshe na kumlisha. Jumuiya naenda kwa nadra. Rozari nasinzia kabla ya tendo la pili. Wenzangu wa WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, wananiambia nijikabidhi kwa Mungu. Nitajikabidhije wakati hata nafasi ya kusali sina? Au utakatifu ni wa masista na mapadre?

JIBU: Milele amina, mama. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulifundisha waziwazi kwamba waamini wote, wa kila hali na kila kazi, wameitwa kwenye utakatifu. Hilo halina mjadala.

Linalonigusa ni hilo la kujikabidhi. Naona umelichukua kama kazi ya ziada: umalize soko, watoto na mgonjwa, ndipo uanze kumtafuta Mungu kwa nguvu zilizobaki. Utachoka bure. Mungu yupo nawe pale unapomgeuza mama mkwe kitandani, unapomfuta mtori kidevuni na kungoja ameze ndipo umpe kijiko kingine. Kujikabidhi ni kumpenda Mungu katika jambo hilohilo, saa hiyohiyo.

Karne ya 17 alikuwepo bruda wa shirika la kitawa la Wakarmeli jijini Paris, Lawrence wa Ufufuko, aliyefariki mwaka 1691. Aliwahi kuwa askari, mguu wake ulikuwa mbovu, na monasterini akapangiwa jikoni, kazi ambayo hakuipenda kabisa. Aliifanya miaka mingi huku akizungumza na Mungu kimoyomoyo katikati ya masufuria, hata ikafika mahali kwake saa ya kazi na saa ya sala zikawa sawa. Sikufichi, haikumjia siku moja. Mawazo yalimtoroka, naye akayarudisha bila kujisumbua kwa lawama.

Nawe anza hivyo. Alfajiri, kabla hujapakia mikungu, mtolee Mungu siku yako kwa sentensi moja. Saa sita mchana sali sala ya Malaika wa Bwana hapohapo kwenye meza yako. Ukifika "Ndimi mtumishi wa Bwana, nitendewe ulivyonena", mkabidhi lile lililokuudhi asubuhi ile, liwe mvua, liwe bei iliyoshuka.

Ila kumwachia Mungu si kukunja mikono, wala si kunyamazia dhuluma. Mtakatifu Yosefu alipoambiwa na malaika kwamba Herode anamtafuta mtoto, aliondoka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, wakakimbilia Misri. Basi aliyekopa ndizi zako mdai. Na mawifi na mashemeji, kama wapo, waambie wazi wapokezane nawe kumhudumia mama yao. Nadhani hili litakuwa gumu kwako kuliko rozari.

Misa ya Dominika usiiache kwa ajili ya biashara. Huko ndiko unakolishwa. Mwombe mwenyekiti wa jumuiya msali nyumbani kwako mara mojamoja, mgonjwa naye ashiriki. Na kama bado hajahudumiwa, mwone katekista wiki hii, mama mkwe apelekewe Komunyo nyumbani na padre ampe Mpako wa Wagonjwa.