Nitafute wapi wachoraji wa kunitia hamu?

SWALI: Kaka, shikamoo. Nachora picha za vitabu vya watoto, lakini kila nikifungua simu naona michoro inayofanana: macho makubwa, rangi za peremende. Nimwangalie nani? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Simu iweke chini kwanza. Anza na John Kilaka, Mtanzania mwenzetu. Wanyama wake huvaa nguo na kugombana kama majirani, na rangi zimekolea lakini jicho halichoki. Nyuma yake yupo Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, ambaye alichora kwa rangi za kupakia nyumba juu ya vibao. Ukifika Dar, nenda Oysterbay kwa warithi wake, uwatazame wakipaka.

Kwa mstari, mimi simpiti Gado, mchora katuni wa siasa: pua moja tu, na mwanasiasa umeshamjua (mwenyewe anajijua zaidi).

Ukimpenda mchoraji, nakili ukurasa wake mmoja kwa penseli, wa kujifunzia tu, si wa kuuza. Na ukishika kitabu cha watoto, tafuta jina la mchoraji. Mara nyingi wamelificha ndani kwa herufi za sisimizi, jambo linaloniudhi mno.