Anti, nilipie dabodeka au nisubiri?

Shikamoo anti. Nina watoto watatu, wa kiume miaka 9 na 7 na binti miaka 4, tumepanga Tabata vyumba viwili na sebule. Chumba cha watoto ni futi 10 kwa 10, hawa wakubwa wanalala kitanda kimoja cha 4 kwa 6 wanapigana mateke usiku kucha, na mdogo bado analala na sisi, baba yao kashachoka. Juzi nimeona dabodeka Keko nimeipenda, juu 3 kwa 6 chini 4 kwa 6, fundi anataka advansi. Nimpe?
Mama Watatu, Tabata

Marahaba mama. Usimpe bado, rudi kwanza chumbani uangalie juu. Maana wote mnapima sakafu tu, na kweli kwa sakafu umepatia, vitanda vitatu vya 3 kwa 6 vingekula futi 54 za mraba kwenye chumba cha 100, wakati hiyo dabodeka inakula 24 basi. Ila pangaboi liko wapi? Hapo ndo swali langu la kwanza siku zote. Chukua dari ya futi 9, kitanda cha juu na godoro lake tuseme kinafika futi 4 na nusu, inabaki futi 4 na nusu kwenda kwenye jipsam, na pangaboi lenyewe linashuka kama futi moja, sasa huyo wa miaka 9 akisimama juu ya godoro anavaa fulana mikono iko hewani si unaona panga linavyopita? Kama kitanda hakiwezi kukaa mbali nalo kabisa, ling'oe uweke feni ya ukutani, na iwe upande ambao mtoto haifikii akiwa kitandani.

Cha pili ni ukingo, na hapa mafundi wetu wanapenda urembo kuliko kazi. Utakuta ukingo wa juu una inchi 10 kutoka kwenye chaga, mama anafurahi, afu anaenda kununua godoro la inchi 8 ili mtoto alale raha, umebakiwa na inchi 2 za kumzuia mtu anayejigeuza usingizini! Godoro la juu liwe inchi 4, yule ni mtoto hana mgongo wa kuuma. Kule Marekani sheria yao inataka ukingo uzidi godoro kwa inchi 5 au zaidi, na uwazi kati ya mbao na mbao usipitishe inchi 3 na nusu, kwa sababu mwili wa mtoto mdogo unapita halafu kichwa kinagoma. Na ukingo uwe pande zote mbili hata upande wa ukutani, fundi atakwambia ukuta unatosha, kitanda kikisogea kidogo mtoto anadumbukia katikati.

Nani alale wapi sasa. Binti ni chini, habari ya juu tutaongea akishafika miaka 6. Kwa hao wakubwa wala usiangalie ukubwa, niambie mpiga mateke ni nani maana huyo ndo apande. Isipokuwa kama ni kikojozi, hapo hata kama ni kaka mkubwa analia anataka juu anabaki chini, usije ukaamshwa saa tisa usiku na mvua inayonyesha ndani ya nyumba. Chandarua cha chini kifunge kwenye chaga za juu, chukua cha pembe nne, vile vya duara vinanasa kwenye ngazi.

Na waambie wakutengenezee cha bolti na nati. Mimi mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nililetewa dabodeka ya chuma imechomelewa yote kipande kimoja, nzuri inang'aa, kufika mlangoni haiingii. Wakaigeuza ubavu, wakaigeuza miguu juu, majirani wametoka na viti, mwisho fundi akaikata kwa msumeno akaja kuichomelea tena ndani ya chumba, sakafu ikabaki na alama za cheche, na siku ya kuhama tuliiacha hapo hapo. Nyie mmepanga, mtahama. Kabla hujalipa iliyobaki panda mwenyewe huko juu ujitingishe, ikiyumba kama daladala ya Mbagala irudi kwa fundi.

Anti, niko Likoni, nyumba ni ya mabati haina dari. Wanangu ni wawili. Nichukue dabodeka ya chuma ama ya mbao?
Mama Pacha

Mama pacha usichukue yoyote. Bati la Likoni saa nane mchana unalijua mwenyewe, na usiku ule moto bado umekaa huko huko juu, mtoto atashuka kila siku aje kulala sakafuni na utakuwa umenunua rafu ya nguo. Tengenezesha kitanda cha kuvuta, yaani cha 3 kwa 6 halafu chini yake kingine kifupi cha magurudumu, asubuhi unakisukuma ndani. Cha chini godoro lake inchi 4 lisije likakwama. Kiwe mbao, chuma na hewa ya chumvi hapo kwenu rangi ikichubuka tu kutu inaanza, inaishia kwenye mashuka. Na kila ukikivuta mwaga macho kwenye maungio, kunguni wanapenda sana pale mbao mbili zinapokutana.