Mwanangu haachi gemu, nifanyeje?

SWALI: Asalam alaykum. Mie mama wa watoto wanne hapa Wete. Kijana wangu wa miaka 14 akitoka chuoni tu keshashika simu, Free Fire mpaka usiku wa manane, ukimwita kula "mama nimalizie hii tu". Babaake keshavunja simu moja na bado. Mie mwenyewe nacheza Candy Crush nikisubiri wali uive, lakini yangu naiacha nnapotaka. Kwanini ya kwake haiachiki?

JIBU: Waalaykum salam mama, pole sana. Gemu zenu zimetegwa tofauti, kama dema na mshipi, vyote vinavua ila samaki anaingia kivyengine. Candy Crush inakupa mioyo mitano, ikiisha unangoja nusu saa urudishiwe mmoja, yani yenyewe ndo inakufukuza ungali na hamu, na hamu ile ndo inakurudisha kesho. Kwahiyo sio kwamba unaiacha wewe.

Ya kijana wako ni watu 50 wanashushwa kisiwani mpaka abaki mmoja, au kikosi kimoja, na mara nyingi wanaingia wanne wanne wanaongea humo humo. Sasa wewe unamwita kula wenziwe watatu wanamwita "njoo unifufue", akiweka simu chini kawatupa na kesho skuli watamsema, hivo hakudharau mama, mechi kweli haijesha. Tatizo ni kwamba akifa kashika nafasi ya pili roho inamuuma, alibakisha kidogo tu, anaingia nyengine, na mtandaoni watu hawamaliziki. Wakicheza gemu ya mpira kibandani angalau kuna mtu kasimama nyuma anadai pedi ya kuchezea, na bao la barazani adhana ikilia watu wanainuka.

Linalonitia hofu zaidi ni zile dimondi, yani sarafu za humo ndani ya gemu zinazonunuliwa kwa pesa za kweli. Mtoto anazilipia halafu anabahatisha, pengine apate nguo nzuri ya mchezaji wake pengine apate takataka. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliona zamani kwamba njiwa akipewa chakula bila mpangilio anadonoa bila kuchoka, na hapa ni vile vile. Ubelgiji mwaka 2018 walisema masanduku ya bahati ya kununua kwenye gemu kama FIFA ni kamari, na kamari hukumu yake unaijua. Muulize kwa upole kama ananunua, na pesa anatoa wapi.

Kuvunja simu muacheni, na msimpokonye katikati ya mechi, hapo ndo ugomvi unapozaliwa. Pataneni kabla hajaanza, mathalan baada ya isha mechi mbili, kisha simu inalala chumbani kwako. Kaa nae siku moja akuoneshe anavocheza, utashangaa atakavofurahi. Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya maradhi mwaka 2019, lakini wanaangalia mtu alieshindwa kujizuia, kila kitu kakiweka nyuma, anaharibikiwa na bado anaendelea, kwa kawaida mwaka mzima. Kama wako kafika huko, skuli haendi, halali, mpelekeni hospitali mapema akaonwe na daktari.