Mkuu usilipe hiyo Colheita kabla hujageuza chupa

Mkuu simama hapo hapo. Unasema umeona poti, ile divai tamu ya Ureno iliyoongezwa pombe kali, aina ya Colheita ya 1996, mwaka aliozaliwa bintiyo, unataka uinunue uilaze kabatini mpaka siku ya harusi yake ndio ifunguliwe, na unauliza ni glasi gani na inaliwa na nini. Mimi nilifanya hivyo hivyo na inaniuma mpaka leo.

2014 nilikuwa Ureno kikazi, nikavuka mto Douro kutoka Porto kwenda Vila Nova de Gaia kwenye yale maghala ya poti, nikaingia duka moja nikasema nataka ya 1994, mwaka wa kijana wangu wa kwanza. Muuzaji akanitolea Colheita, yuro 130, akaniapia kabisa kwamba hii ukiilaza inazidi kunoga, usiiguse. Nikamwamini, si ndio kazi yake! Nikailaza miaka minane. Kijana kamaliza chuo, watu wamejaa sebuleni, naitoa nakuta boksi lina doa la kahawia linanata. Kizibo chake kilikuwa kile kifupi chenye kofia juu, unachong'oa kwa mkono, na kwa kulazwa muda wote huo kilikuwa kinavuja taratibu. Kuonja, imepooza, ladha ya lozi na tini kavu unaitafuta huioni. Ndio nikageuza chupa, maandishi madogo nyuma: Engarrafado em 2003, maana yake imetiwa chupani 2003. Yaani pipani ilikaa miaka 9 tu, hiyo 19 mingine ilikuwa ndani ya kioo!

Na Colheita ni pipa mkuu. Ni mavuno ya mwaka mmoja, inakaa pipani angalau miaka 7, zipo za 20, zipo za 40, hewa inapita kidogo kidogo kwenye mbao mpaka wekundu unageuka rangi ya asali iliyokolea. Ikishatiwa chupani imetoka tayari kwa kunywewa. Inayolazwa ni Vintage, ile inatolewa pipani ikiwa na miaka 2 au 3 halafu inakomaa ikiwa chupani na kuweka mashapo. Yule bwana aliniuzia hii kwa maelezo ya ile, mtu anauza poti kila siku ya Mungu halafu hajui hilo? Au alijua? Nikikumbuka damu inachemka.

Kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwa maandishi makubwa mbele ya chupa usikupumbaze, soma mwaka wa kutiwa chupani, lazima uwepo. 1996 iliyotiwa chupani 2004 na 1996 iliyotiwa mwaka jana ni vinywaji viwili tofauti, na hela yako inalipia miaka ya pipani. Harusi bado? Usinunue sasa, subiri ikikaribia utafute iliyotoka pipani karibuni, na ukifika nayo nyumbani isimamishe wima.

Tupia picha ya nyuma ya chupa hapa leo kabla duka halijafungwa. Ya nyuma, sio ya mbele.