Kasri la Lord Egerton: maswali yenu na majibu

Kasri la Lord Egerton, yaani mlowezi Mwingereza Maurice Egerton, liko Ngata, kati ya mji wa Nakuru na Njoro, Kenya. Maswali mliyoniletea kuhusu kasri hilo ni mengi. Leo nayajibu haya.

Babu yangu husema Lord Egerton alilijenga ili ampate mwanamke aliyemdharau. Ni kweli?

Ndivyo inavyosimuliwa Njoro nzima. Bibi mmoja alikuja kutoka Ulaya, akaoneshwa nyumba ya kwanza, akasema ni banda la kuku. Wengine husema alilitaja banda la mbwa. Bwana akaapa kumjengea kasri, na lilipokamilika bibi alikuwa ameshaolewa na mwingine.

Lakini hebu tuhesabu miaka. Maurice Egerton alizaliwa 1874. Ujenzi ulianza 1938, ukakatizwa na Vita vya Pili vya Dunia, ukamalizika 1954. Basi msingi ulichimbwa akiwa na umri wa miaka kama 64, na nyumba ikaisha akikaribia 80. Simwiti babu yako mwongo, maana huenda aliposa ujanani akakataliwa. Mimi nadhani jibu liko Uingereza, katika jimbo la Cheshire, lilipo jumba la ukoo wake liitwalo Tatton Park. Husemwa kuwa kasri la Ngata lilichorwa kwa mfano wa jumba hilo. Naona mzee alitaka kuwa na kwao huku ugenini.

Wanawake walipigwa marufuku kweli?

Simulizi zote zinakubaliana hapo: mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga, na inasemekana mabango ya kuwaonya yalipigiliwa kwenye miti. Mfanyakazi aliyekuwa na mke ilimbidi amwache mbali. Hata hivyo ndani mna ukumbi mkubwa wa dansi wenye kinanda cha mabomba. Ukumbi wa dansi katika nyumba isiyokubali mwanamke! Huniuma kuufikiria.

Lina vyumba vingapi?

52. Aliishi humo miaka minne tu.

Nani hasa walijenga? Mbona hatusikii habari zao?

Asante sana kwa swali hili, mama wa Molo. Kazi ilifanywa na mafundi Wahindi pamoja na vibarua Waafrika. Wao ndio waliochonga mawe, wakayabeba na kuyapanga, na marumaru iliyoletwa kwa meli ikapita mikononi mwao. Kila mtoto wa Nakuru anamjua yule bibi aliyekataa posa, ambaye hata jina lake hatukubaliani, lakini jina la fundi mmoja aliyechonga jiwe la mlangoni halitajwi.

Na nyuma ya mafundi kuna ardhi yenyewe. Kwa mkataba wa 1904 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa na kuwapeleka Laikipia, ili walowezi wapate mashamba. Ningependa kila anayetembeza wageni pale aanzie hapo, kisha ndipo aje kwenye mapenzi. Kisa cha mapenzi ni kitamu mno, kimetusahaulisha kuuliza shamba lilitoka wapi.

Kabla ya Kenya alikuwa nani?

Mtoto wa ukoo wa kitajiri aliyependa mashine na uwindaji. Mwaka 1910 alikuwa miongoni mwa Waingereza wa mwanzo kupata leseni ya urubani. Pale Tatton kuna ukumbi mzima wa vichwa vya wanyama aliowapiga risasi.

Alimwachia nani mali yote hiyo?

Alifariki 1958 bila mke wala mtoto, na cheo cha ubwana wa Tatton kikafa naye. Jumba la Cheshire liliangukia shirika la kuhifadhi turathi la Uingereza. Huku Njoro alikuwa ameanzisha shule ya kilimo mwaka 1939, kwanza kwa vijana Wazungu peke yao. Baadaye ilifunguliwa kwa watu wote, ikawa chuo, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho ndicho kinachotunza kasri hilo leo. Wasichana wanasoma katika chuo hicho kwa maelfu.

Mimi na mchumba wangu tungependa kufungia harusi pale. Inaruhusiwa?

Inaruhusiwa, na wengi hufanya hivyo. Wasiliana na chuo mapema, na upange picha za asubuhi, maana alasiri za Njoro mvua haipigi hodi.