Bibi Shamba Anajibu: Mbegu zimeota mtaroni

Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni kijana wa Morogoro, nina kikampuni changu cha bustani. Mwezi wa tatu mkandarasi mmoja alinipa kazi ya kuotesha nyasi kwenye ukingo wa barabara ya vumbi, urefu mita 400, na kutoka juu hadi chini ni kama mita 6. Nilinunua kilo 20 za mbegu ya ukoka, tukamwaga kwa mkono, tukamwagilia siku 8. Siku ya 9 ikapiga mvua moja ya usiku. Asubuhi nakuta ukingo umechimbika mistari kama umepitiwa na reki, na mbegu zote ziko mtaroni. Sasa huko mtaroni zimeota vizuri mno! Mkandarasi amegoma kunilipa. Rafiki yangu ananishauri nitafute mashine ya kunyunyizia mbegu kama wanazotumia Ulaya. Nifanyeje?
— Fundi Bustani, Morogoro

Marahaba mwanangu. Nisamehe, hapo kwenye mtaro nimecheka, lakini nimejicheka mwenyewe. Nilipoacha kazi ya serikali nikaanza kuotesha nyasi kwa malipo, kazi yangu ya pili ilikuwa ukingo nyuma ya madarasa ya shule fulani huko milimani. Nilipanda ukoka wa kuchimbua, si mbegu, ukashika, ukawa kijani, mwalimu mkuu akanichinjia kuku. Mwezi mmoja baadaye akanipigia simu: ukoka wote umeteremka kwa mara moja, umejikunja chini kama mkeka uliosukumwa ukutani. Nilikwenda mvua ikinyesha nikaone kwa macho. Maji ya bati za madarasa manne yalikuwa yanamwagikia pale juu ya ukingo, sehemu moja tu, upana wa mlango. Mimi nilikuwa nimekagua udongo, nimekagua ukoka, juu sikupanda kuangalia.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako: ulipanda juu? Mbegu zako hazina kosa, mtaro umekuthibitishia. Kuna maji yanatoka mahali fulani juu ya huo ukingo, shambani kwa mtu au mlimani, na yakifika kwenye mita 6 za udongo mtupu uliolala hivyo, yanapata mwendo. Hakuna mbegu ya siku 9 inayoweza kuyazuia. Kabla hujanunua hata gramu moja nyingine, chimba kinga maji juu, yaani mtaro wa kuyakatiza maji, mita 2 au 3 nyuma ya ukingo, lifuate kontua, ule mstari wa usawa mmoja kwenye mteremko, na lishuke kidogo sana: sentimita 50 kwa kila mita 100 zinatosha. Pima kwa fremu A, miti mitatu iliyofungwa kama herufi A na kamba yenye jiwe ikining'inia, usipime kwa jicho. Na uangalie linamwaga wapi. Ukilielekeza kwenye mahindi ya mtu utakuwa umehamisha kesi tu.

Jambo la pili ni sura ya ukingo wenyewe. Dereva wa greda hufurahi akiuacha laini kabisa, na wahandisi wengi wanamsifu. Mimi ukingo laini unanikera. Mbegu haina pa kukaa, tone la maji halina pa kusimama. Chukua jembe, katiza mteremko kwa vijingazi vidogo vya kulala, kina cha vidole vinne hivi, kila baada ya hatua moja. Usikwangue kutoka juu kwenda chini hata siku moja, maana unayachorea maji njia. Halafu udongo wenyewe, naamini ni ule mwekundu wa ndani usio na mboji, kwa sababu udongo wa juu ulibebwa na tingatinga siku ya kwanza. Omba mkandarasi akurudishie kama bado ameurundika mahali. Kama umeshapotea, tafuta samadi iliyooza ya mbuzi.

Sasa hiyo mashine. Ni tangi lenye pangaboi ndani linalokoroga maji, mbegu, mbolea, nyuzi za mbao au karatasi zilizosagwa, na gundi ya mimea. Wanatia na rangi ya kijani ili mwenye bomba aone wapi amekwisha kupita. Wamarekani walianza kunyunyizia hivyo kando ya barabara zao kuu miaka ya 1950, na kwa kilomita nyingi za miteremko mikali ni kitu kizuri. Kwako ni mita za mraba 2,400. Kuileta mashine kwa kazi hiyo ni kukodi basi kwenda kisimani. Na kinachofanya kazi pale si mashine, ni ile nyuzi na gundi: mbegu imefunikwa na imeshikwa. Hilo unaliweza kwa majani makavu ya mpunga, na Morogoro hayakosekani. Tandaza mpaka ukisimama hapo uone udongo kidogo kidogo tu kati ya majani. Ukiyajaza sana mbegu itakosa mwanga. Kisha pitisha kamba za mkonge juu yake kimkato mkato, uzipigilie vigingi vya mti, maana upepo wa mchana utayabeba yote.

Ukoka nakubaliana nao, ila uwe kapeti tu. Nguzo ziwe vetiva, nyasi ya mashina inayopandwa kwa miche. Mizizi yake inakwenda chini wima mita 3 na zaidi, haitambai, na aina inayopandwa kwa kazi hii haizai mbegu za kusumbua mashamba ya watu. Wenzetu wa Madagaska, vimbunga vya mwaka 2000 vilipoifukia reli yao ya Fianarantsoa kwenda pwani ya mashariki, waliipanda kwa wingi kwenye kingo za reli ile, na wakulima wa kando ya reli walishiriki. Kwako weka mistari minne, kila mmoja mita 400, nafasi kati ya mstari na mstari mita 1.5. Shina hadi shina sentimita 15. Piga hesabu: mita 1,600 za mstari, miche kama 10,700. Ni mingi, najua, ndiyo maana ninacho kitalu mwenyewe. Gawa shina liwe na machipukizi mawili au matatu, kata majani ubakize sentimita 20, mizizi sentimita 10, na usiache pengo. Pengo la hatua moja ndilo maji yatakalolitafuta.

Mbegu utakazoongeza zijaribu kwanza. Hesabu 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi, ziweke pasipo baridi. Baada ya wiki mbili hadi tatu zikiota 40, ujue kilo 20 ulizonunua zilikuwa kilo 8. Ukitaka kilo 20 zenye uhai, nunua 50, au badilisha duka.

Kuhusu malipo, soma mkataba wako. Umeandikwa kumwaga mbegu au kuotesha nyasi? Kama ni kumwaga, ulimwaga, dai chako. Kama ni kuotesha, mezea hii, na mkataba ujao uandikwe hivi: kinga maji la juu ni jukumu la mkandarasi na likamilike kabla hujaingia, na kazi yako ipimwe baada ya miezi mitatu kwa sehemu ya ardhi iliyofunikwa. Mimi sasa bila kipengele cha kwanza sisaini, hata kama njaa inanguruma.

*

Hujambo Mama. Niko Kajiado. Mvua ilipokosa tulipoteza ng'ombe wengi na ardhi imebaki kipara, ngumu kama saruji. Mwaka huu nimevuna mbegu za nyasi kwa jirani, nikazipanda wiki ileile mvua ilipoanza. Hazikuota. Alinidanganya?
— Baba Naserian

Sijambo, Baba Naserian, na pole kwa ng'ombe. Jirani yako hana hatia. Nyingi ya nyasi zetu za malisho mbegu yake ikivunwa mbichi inalala, haiamki hata uimwagie mto. Iweke mahali pakavu penye hewa, kwenye gunia na si kwenye plastiki, miezi 6 mpaka mwaka. Panda kabla tu ya mvua, juu juu, kina kisizidi sentimita moja. Watu wengi wanaizika kama mahindi.

Lakini hiyo kama saruji ndiyo inayonisumbua. Ivunje hiyo ngozi ya juu kwanza. Chimba vijishimo vya nusu mwezi, tumbo likitazama chini, udongo uliotoka upange kwenye ukingo wa chini, na mbegu uitie ndani ya shimo tu. Maji yatasimama hapo.

Na kabla hujanunua mbegu kwa ekari zote, zungushia kipande kidogo miiba uone. Mimi ni wa Kolo, Kondoa. Makorongo ya kwetu yalikuwa yanameza ng'ombe mzima. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, wakajenga matuta, wakapanda miti, na bado. Mwaka 1979 Serikali ikaamua mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Mbuzi wa baba walikwenda kwa shangazi, mbali, na mama alilia kwa ajili ya maziwa, jambo ambalo kwenye mikutano halikutajwa. Ila nyasi zilirudi, na nyingi hazikupandwa na mtu. Mbegu zilikuwa humo humo zinangoja kwato ziondoke. Sikuambii uhamishe ng'ombe wako wote, nakuambia ekari moja, msimu mmoja.

*

Bibi, nimeuziwa miche 200 ya vetiva kwa ajili ya kiwanja changu cha mteremko Goba. Nimekutumia picha. Nimepatia?
— Mama Junior, Dar es Salaam

Mama Junior, picha nimeitazama mara tatu. Sugua jani vidoleni unuse. Vetiva jani lake halina harufu ya maana, harufu nzuri iko kwenye mzizi. Likinukia limau, umeuziwa mchaichai. Miche ya kushoto kwenye picha naona kama vetiva, ya kulia ile yenye majani mapana yaliyolegea sina imani nayo. Itenganishe kwa pua leo, kabla hujachimba, umrudishie muuzaji isiyo yenyewe ikiwa na mizizi mibichi. Ikiwa ni mchaichai, miwili mitatu bakiza, uipande karibu na jiko. Na mfereji wa bati lako unamwaga wapi? Kwenye picha naona unaishia hewani.